Bangili Kwenye Rafu ya Bwana Hija

Kengeja, Pemba.
Jumapili, 14 Agosti 1960,
mwezi wa Mfunguo Tano.

Mpendwa Mjomba Duni,

Asalaam alaykum. Nashika miguu yako kutoka mbali, na mkaza mjomba Bi Siti mfikishie shikamoo yangu kabla hujasoma mstari wa pili, maana najua ukishaanza kusoma hutanyanyua kichwa. Kile kifua cha baridi ya Tanga kimekuacha? Watoto wamepona surua? Huku sote tu wazima kwa rehema ya Mola. Bibi, mama yako, goti humsumbua akiinuka, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Mama mzima. Muhogo upo, ndizi zipo, na mbuzi wetu kazaa mapacha, mmoja mweusi mmoja sijui wa rangi gani.

Barua yako niliipata kwa mkono wa utingo wa gari ya Mtambile. Bahasha ilikuwa imefunguka pembeni. Nilipomuuliza aliapa kuwa ni panya. Mjomba, mie sijapata kuona panya anayefungua bahasha asitafune barua. Kwa hiyo hii yangu naileta kwa mtu mwengine, na nimeifunga kwa gundi ya uji wa muhogo, ukiona imebanduka nijulishe.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Uliniandikia kwamba Hija bin Nyange wa Chake kakuletea posa ya mama, na kwa kuwa babu hayupo duniani wewe ndiye walii, na huwezi kutoa idhini kwa mtu usiyemjua. Ukaniagiza mambo matatu: nimchunguze mtu huyo, mama asijue, na barua niichome. La kwanza nimelifanya. La pili limenishinda, utaona mbele. La tatu bado, nimeiweka ndani ya mto nilalie.

Na mie kusema kweli nilikuwa nishaanza kumshuku kabla hujanituma. Mtu mzima wa miaka hamsini kasoro kidogo, anakuja Kengeja kila mwezi, anapita nyumba hadi nyumba anauliza kama kuna mwenye msumari wa gari ya ng'ombe, au kengele, au tikiti ya zamani. Na kila akija, mie nikiwa shambani, lazima apite kwetu kuomba maji ya kunywa, Bibi ndiye anihadithiaye. Visima vya Kengeja vyote kaviona, maji matamu ni ya mama tu! Huyo si mtu wa msumari.

Kazi yake sasa unaijua kwa jina tu. Zamani alikuwa utingo wa gari ya Kengeja, hiyo hiyo iendayo Chake. Tangu mwaka jana amefungua chumba mjini Chake, kakijaza vitu vya safari vya zamani, mfano wa lile Jumba la Makumbusho la Unguja, lakini dogo, wala serikali haimo. Watu wa Chake wenyewe nusu yao hawakijui. Nikajiambia: mtu anayekusanya vitu chakavu bila ya kuuza, ama ana akili sana ama anaficha kitu.

Basi Jumanne nikaanzia Mkoani. Huko yupo Mwalim Ahmada, aliyekuwa karani wa abiria wa meli, naye ana chumba cha namna hiyo hiyo, na nilisikia kuwa yeye na Bwana Hija hawapikiki chungu kimoja. Ukitaka kujua aibu ya fundi, muulize fundi mwenziwe.

Chumba chake ukipita hukijui. Mlango uko nyuma ya duka la mafuta ya taa, unapita kwanza kwenye madebe. Ndani mna kiti cha mbao chenye mipini miwili, ndicho walichokuwa wakibebewa wakubwa kutoka mashuani mpaka nchi kavu wasilowe miguu. Mna tarumbeta ya bati ya kuitia abiria, kofia ya serahangi, mkubwa wa mabaharia, iliyoliwa na mende, na orodha za majina ya wasafiri zimetundikwa ukutani kama pweza wa kukausha.

"Vua viatu," akaniambia. Nikavua. "Nani kakutuma?"

"Sikutumwa na mtu, Mwalim. Nimetoka Kengeja, napenda mambo ya kale."

"Kijana wa Kengeja kapanda gari mbili kuja kutazama kiti! Wewe wa chama gani?"

"Mie wa Kengeja tu."

"Hao ndo wabaya zaidi."

Mjomba, huko Tanga hujui hali ya huku. Siku hizi mtu haulizwi jina, huulizwa chama. Lakini nilipotaja jina la Hija Nyange, Mwalim alisahau chama changu na chake.

"Yule utingo? Kaniibia kengele ya meli! Niliiona mie kwanza. Nimeingia msikitini kusali adhuhuri, natoka, kengele hakuna. Mtu huyo hata sala haisubiri." Akanisogelea, ananuka tambuu. "Yakhe, ukifika kwake usitazame vyuma. Tazama rafu ya nyuma."

"Ina nini?"

"Vitu vya wanawake! Leso, machanuo, viatu vya mguu mmoja mmoja. Kavitoa wapi? Na Alhamisi alasiri mwanamme haruhusiwi kuingia. Wanawake watupu. Mimi sisemi kitu. Mimi ni Mwalim."

Nikaandika kwenye daftari langu: RAFU YA NYUMA. ALHAMISI. Nikapiga mstari mara mbili mpaka risasi ya penseli ikakatika.

Jumatano asubuhi nikaenda Chake. Chumba cha Bwana Hija kiko nyuma ya gereji moja, unateremka kuelekea kwenye mikoko, mlango wa bati umepakwa rangi ya buluu. Imemkaa kichwani kofia ya viua iliyofuliwa vizuri, mtu mrefu, mwembamba, na kidole chake cha shahada kimepinda, zamani kilibanwa na mlango wa gari. Nikamdanganya jina. Nilisema naitwa Kificho, natoka Wete.

"Karibu Kificho," akasema. "Kengeja hawajambo?"

Na hakuuliza jengine, Mjomba. Mtu asiyeuliza ni mtu anayejua, na mtu anayejua kaambiwa na nani?

Akaniacha nizunguke. Kuna gurudumu la gari ya ng'ombe lenye pete ya chuma, refu kunishinda. Kuna mpini wa kuwashia injini, ule wa kuzungusha mbele, na karatasi yake imeandikwa, "Umevunja mikono ya watu watatu." Kuna tairi la wakati wa vita, mipira ilipokuwa haipatikani, wameliziba ndani kwa makumbi ya nazi, ukilibonyeza linalia. Kuna honi za mpira kumi na moja, kila moja na mlio wake. Zamani, anasema, wanawake walikuwa hawatoki kusimama njiani, wanakaa ndani wanasikiliza, na kila dereva ana mlio wake, mtu akisikia wake ndo anajifunga buibui. Akanipulizia moja. Mjomba, ile honi naijua! Sijui naijua kutoka wapi lakini nywele za mkono zilisimama. Nikaandika: HONI, KUNA JAMBO.

Kuna na bango la Kizungu lilikuwa ndani ya gari. Neno la kwanza linaanza na S. Unajua Kizungu najifundisha mwenyewe kwa ile kamusi uliyoniachia, nayo imechanika inaishia herufi P. Nikalinakili lote kwa kulishuku.

Nikamtega kwa siasa, maana nawe uliuliza. Huku sasa hata gari zina vyama, mtu anatembea maili sita kwa miguu kuliko kupanda ya wale wengine. Nikamuuliza, "Bwana Hija, gari ipi bora siku hizi?"

"Yenye breki," akasema.

Na ukutani kagandika tikiti za gari za pande zote mbili, karatasi moja, bega kwa bega. Mtu asiyekuwa na upande wakati huu, Mjomba, huyo ndo wa kumshika mkono kwenye taa umtazame vizuri.

Halafu nikafika rafu ya nyuma.

Ilikuwa kweli. Leso mbili. Chanuo. Shanga za marijani, kiatu cha mtoto, kibao cha chuo chenye alifu mpaka jimu, mwavuli mmoja wa mwanamme, msahafu umefungwa kwa kitambaa. Kila kitu na karatasi yake: siku, gari, na mahali alipokaa abiria. Juu kaandika kwa chaki: "Vilivyosahauliwa garini. Mwenyewe aje." Na pembeni, karatasi namba kumi na nne, "Gari ya Kengeja, 1943", palikuwa na bangili ya fedha.

Mjomba, bangili za mama unazijua, ndugu yako aliolewa nazo. Zimesokotwa kama kamba na ncha zake ni vichwa viwili vya karafuu. Moja imo ndani ya kasha mpaka leo. Ya pili sote tumekuzwa na hadithi yake: ilipotea bondeni wakati wa kupanda mpunga mwaka ule wa vita, na marehemu baba alikaa siku mbili anachuja tope kwa ungo, mpaka watu wakamtungia maneno ya kumtania. Na mie nimesimama Chake, mahali pakavu, naitazama.

"Hii kakupa nani?" nikamuuliza. Sauti ilinitoka kama ya jogoo mdogo.

"Imeokotwa sakafuni mwa gari. Nimeiokota mwenyewe."

"Mwenyewe namjua. Nipe nimpelekee."

"Alama yake nini?"

"Karafuu mbili."

"Hiyo na Mwalim Ahmada anaiona kutoka mlangoni. Bangili za namna hii sonara alifua nyingi. Alama nyengine."

Sikuwa nayo. Akairudisha mahali pake taratibu, akasema, "Mwenyewe akija, au akituma alama, nitaitoa saa ile ile. Kitu cha kuokota kina sheria yake, kijana, sikuitunga mie. Nimekitangaza mwaka mzima misikitini, Chake, Mtambile, hata kwenu. Hakuja mtu."

Hata kwenu! Kumbe Wete sikutoka tena.

Nikatoka kichwa kinawaka. Kwenye gari nilikaa baina ya tenga la kuku na mzee mmoja anayekohoa na sikusikia kuku wala mzee. Nilihesabu hivi. Ama mtu huyu mwizi, kaiba bangili ya mke wa mtu. Ama si mwizi, na mama ametudanganya sote miaka kumi na saba, na baba akatolewa jasho kwenye tope kwa kitu kilichokuwa Chake. Na kama mama alikuwa garini, alikuwa akienda wapi, na kwa nani? Na hiyo "mwenyewe aje", si mtego wa kumvuta mpaka chumbani kwake? Mjomba, nilikuwa tayari kukuandikia maneno manne tu: Mnyime, usiulize kwa nini.

Lakini wewe uliniambia nichunguze, hukuniambia nikisie. Nikafika nyumbani alasiri, mama yuko ukumbini anasuka ukili. Bibi yuko pembeni anajifanya kalala.

"Mama," nikasema, "ile bangili yako ya pili ilipotea wapi?"

"Bondeni. Hadithi hiyo huijui?"

"Bonde gani lina matairi?"

Ukili ukasimama. Mama akatazama mikono yake.

"Nani kakutuma Chake?"

"Mjomba."

"Duni! Mtu yuko Tanga, na mkono wake umefika ukumbini kwangu." Hapo ndo lilipovunjika lile agizo lako la pili, unisamehe. Nilidhani atanipiga na ukili. Akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka kubeba. "Ulishuku nini, Msellem? Sema kwa mdomo wako."

Mjomba, mbele ya mama yale mahesabu yangu ya garini yalininuka mwenyewe.

"Basi nisikilize," akasema. "Uliumwa. Ulikuwa na mwaka na nusu, unawaka kama jiko, siku ya tatu hunyonyi. Baba yako yuko Wete kwenye karafuu. Kaacha neno: nisitoke, fundi atakuja kukuandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani zioshwe unywe. Fundi kaja, kombe umekunywa, na homa haikushuka. Baba yako hakuwa mtu mbaya, mwanangu, alikuwa akiogopa spitali kama paka na maji. Mie nilikuwa bondeni napanda, nikasikia honi. Nikakimbilia nyumbani nikakubeba vile vile, tope magotini, nikajitupia buibui ya kwanza niliyoishika, nikapanda gari peke yangu bila ya ruhusa ya mume. Njia nzima unalia, nikakuvulia bangili uitafune. Kufika spitali mkono hauna kitu. Jioni tumerudi kwa gari hiyo hiyo, umedungwa sindano umelala."

"Na baba?"

"Karudi siku ya kumi, kakuona mzima, kasema, umeona kombe? Ningemwambia nini? Akauliza bangili iko wapi. Nikasema bondeni. Sikujua kama atachukua ungo." Hapo machozi yakamtoka. "Siku mbili, Msellem. Nampelekea chai kule kwenye tope na ulimi hautoki. Halafu Ijumaa karudi msikitini ananihadithia: imeokotwa bangili ya mwanamke kwenye gari, wanawake gani hao wanaovuka mji na kuvua mapambo njiani! Mie namkunia nazi."

Kwa hiyo mwizi mwenyewe, Mjomba, ni mie. Aliyeitupa ni mie. Na honi ile niliyoisikia nikasisimka, ndo ile.

Nikamuuliza kama ina alama. Hata hakufikiri. "Ina meno yako mawili. Ya chini. Upande wa ndani karibu na karafuu. Fedha laini, na wewe ulikuwa panya."

Na Bibi, jicho limefumbwa, akasema, "Buibui aliyovaa ilikuwa yangu. Nilijua tangu siku ile." Nyumba hii, Mjomba, wote wanajua isipokuwa wapelelezi.

Alhamisi nikarudi Chake, na kwa makusudi nikafika alasiri. Bado nilikuwa na yangu: wanawake watupu, mlango umefungwa, sikusahau. Nikasukuma bati. Mwanamke mnene akanijia na fagio.

"Siku ya wanawake leo! Huoni? Toka!"

Ndani wanawake watatu wanapuliziana honi na kuanguka kwa vicheko, mmoja kakaa kwenye kiti cha dereva anashika usukani mtupu, anamwambia mwenziwe, "Shuka, shuka, nauli yako imeishia Mtambile!" Huyo wa fagio ni Bi Mwanakhamis, dada yake Bwana Hija. Na Bwana Hija mwenyewe? Yuko ng'ambo ya njia, kwenye baraza ya msikiti, kaupa mlango mgongo. Anasema wanawake hawawezi kuja kutafuta vitu vyao mbele ya macho ya mwanamme, atakayewaona ataulizia vilipotea lini na wapi. Kwa hiyo siku hiyo hukaa pale mpaka magharibi.

Nikamkalia mbele. Sikusalimu hata. "Meno mawili," nikasema. "Ya mtoto. Upande wa ndani, karibu na karafuu."

Akapaza sauti bila ya kugeuka: "Dada! Namba kumi na nne." Bi Mwanakhamis akaja nayo pamoja na karatasi yake. Bwana Hija akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa na maandishi ya khati ya Kiarabu, yamefifia rangi ya chai: alama, meno mawili madogo. Mie nikatia mate kidoleni nikasugua wino.

"Unajaribu kama mpya?"

"Najaribu."

"Jaribu na pembe ile."

Haukutoka. Nikamuuliza moja kwa moja alijua tangu lini ni ya nani. Akasema tangu Ijumaa ile ile aliyotangaza Kengeja. Baada ya sala mtu mmoja alimjia akamwambia, na mke wangu naye kapoteza kama hiyo, lakini yake imezama bondeni, nimechuja siku mbili. Huyo alikuwa baba. "Na mie," akasema Bwana Hija, "nilikuwa nimemuona mwanamke aliyepanda na mtoto mgonjwa. Uso sikuuona. Niliona tope limekauka kwenye nyayo. Ningesema neno moja pale, nyumba ingevunjika. Nikasema, Mungu atamrudishia."

"Baba alipofariki kwa nini hukuileta?"

"Mjane karudishiwa bangili na mwanamme, watu watauliza ilipotelea wapi. Ingekuwa ni kumtia aibu marehemu kaburini."

"Na posa? Ulikaa miaka yote hiyo unamsubiri?" Hili Mjomba ndilo lililokuwa linaniuma kuliko yote.

Akakunja uso, nikaona nimemkosea. "Nilikuwa na mke, kijana. Nilimpenda, nimemzika, huu mwaka wa tatu. Mwanamke wa mwenzangu sikumsubiri. Nilimheshimu, na heshima haina haraka." Kisha akaifunga bangili ndani ya leso yake akanipa. "Na usikosee. Hii si posa. Mjomba wako akijibu hapana, ni yake vile vile. Ndo maana sikuileta mimi. Ningeileta mimi, ingesema kwa niaba yangu."

Nilishaondoka nikarudi mbio. "Lile bango la S linasema nini?"

"Msiteme mate garini."

Nimelifuta kwenye daftari.

Mama nilimpa bangili mkononi. Hakuivaa. Alifungua kasha akatoa mwenzake, akaziweka mkekani pamoja. Mjomba, iliyokaa nyumbani imekuwa nyeusi. Iliyopotea inang'aa. Miaka kumi na saba mtu kaisugua! Hili nimeliandika, na bado silielewi vizuri, na kwa sauti sikulisema. Mama aliziangalia mpaka adhana ya isha.

Kisha akasema, "Mwandikie Duni. Mwari hunyamaza ikawa jibu. Mjane hajibu kwa kunyamaza, lazima aseme. Andika kwamba nimesema."

"Umesema nini, mama?"

"Nimesema ndiyo. Andika na sharti. Baada ya Maulidi, siku ya kuolewa sitopelekwa kwa mlango wa nyuma wala kiza kikishaingia. Nitapanda gari ya Kengeja asubuhi, siti ya mbele, na bangili zote mbili. Ipite msikitini na ipige honi ile ile. Na kwanza isimame makaburini, nimuombe radhi baba yako kwa lile tope."

Bibi akasema na yeye atapanda, buibui ni yake.

Basi, Mjomba, uchunguzi wangu ndo huo. Anasali, alimtendea wema mkewe mpaka alipomzika, majirani zake watatu nimewauliza mbali mbali na maneno yao yamelingana, jambo ambalo lenyewe lilinitia shaka, nikamuuliza wa nne. Kichaa hana. Kengele ya Mwalim Ahmada ni kweli kaichukua, hilo kakiri, na nimemwambia airudishe kabla ya arusi, kakubali huku ananuna. Mie bado namtazama kwa jicho moja. Lakini ningekuwa ndiye walii, ningetoa idhini leo.

Iandike kwa mkono wako, mashahidi wawili watie sahihi, umpe uwakili kadhi wa Chake. Usimpe utingo wa Mtambile. Na utie alama ambayo ni mie na wewe tu tunaijua, maana bila ya alama sitoiamini.

Bibi anakusalimu na anasema uje na mkwe wake Bi Siti mumuone kabla goti halijammaliza. Dada Kazija anakusalimu, na majirani wote wa ukumbini. Nawe nisalimie mkaza mjomba na watoto mmoja mmoja kwa jina. Mungu akuponye kifua, akufungulie njia ya kurudi nyumbani, na kila ulichokipoteza safarini akiweke kwenye mikono ya mtu mwenye amana.

Wako akupendaye na aliyekupotezea siri moja,
mpwa wako,
Msellem bin Mmanga.